Kumi na nne kati ya ngapi?

Baba amefundisha hesabu miaka thelathini na nne, kwa hiyo akiona namba hutaka kujua ni kati ya ngapi.

Ilikuwa wiki ya tatu tangu arudi kutoka India, alikofanyiwa upasuaji wa moyo. Alikuwa amelala kwenye kochi refu la sebuleni, mto mmoja mgongoni, mwingine wa kukumbatia kifuani kila anapotaka kukohoa. Mimi nilikuwa napanga makaratasi yake kwenye faili ili tusihangaike siku ya kliniki. Akanyoosha mkono nimpe. Akavaa miwani, akapitisha kidole ukurasa baada ya ukurasa, mpaka akafika kwenye jedwali dogo la mistari mitatu.

"Thelathini na nane. Hamsini na mbili. Kumi na nne."

Akanitazama kwa juu ya miwani.

"Kumi na nne kati ya ngapi?"

Sikuwa na jibu, na katika nyumba ile yote ni mimi niliyepaswa kuwa nalo.

## Mita yangu

Nafanya kazi ya maji. Kitengo chetu kinatafuta maji yanayopotea, yale yanayotoka mtamboni lakini hayafiki kwenye mita ya mteja. Siku zangu nyingi huishia kwenye mashimo ya valvu, nimechuchumaa, napaka jeli kwenye bomba na kulibana kwa vichwa viwili vya kupimia. Kimoja kinapeleka sauti kule maji yanakoelekea, kingine kinairudisha kule yanakotoka. Sauti inayoshuka na mkondo huwahi, inayopanda huchelewa. Ni mtumbwi wa Rufiji: kushuka unaimba, kupanda unatoka jasho. Ukijua zimepishana kwa muda gani, umejua maji yanakwenda kwa kasi gani. Hukati bomba, hufungi maji, na mwenye nyumba hajui kama ulipita.

Juu ya jedwali la Baba palikuwa na herufi nne: TTFM. Usiku ule nikazitafuta: ni kupima mtiririko kwa muda ambao sauti inachukua kupita.

Ilikuwa mita yangu.

Imepunguzwa mpaka ikawa kama ndoana ndogo kwenye ncha ya waya, inaingia kwenye kifua kilicho wazi na kukumbatia mshipa wa milimita tatu au nne, lakini kazi ni ileile. Hata jeli ipo. Sauti inakwenda, inagonga kioo kidogo cha chuma upande wa pili, inarudi. Nilikokotoa kwenye kona ya bahasha: kwa njia ya milimita 8 na damu inayokwenda sentimita 10 kwa sekunde, tofauti ya muda haifiki hata nanosekunde moja. Mimi nikipata tofauti ndogo namna hiyo kwenye bomba langu, nasema chombo kimeharibika.

Na wenzetu wametuzidi jambo moja. Mimi lazima nikiambie chombo bomba lina kipenyo gani na ukuta wake una unene gani. Nikikosea hapo, kila namba inayofuata ni uongo wenye desimali. Cha moyoni hakiulizi. Wimbi lake ni pana kuliko mshipa, linaufunika wote kwa mara moja, kwa hiyo linatoa ujazo moja kwa moja, mililita kwa dakika. Nilikaa nikiliwaza hilo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Wivu wa kazi.

## Michepuko mitatu

Baipasi yenyewe, kuipa damu njia mpya ya kukwepa mshipa wa moyo ulioziba, siielezi sana, siku hizi karibu kila ukoo una mtu wake. Baba aliwekewa tatu. Moja ni ateri iliyoshushwa kutoka ukuta wa ndani wa kifua, ikaunganishwa na mshipa mkuu wa mbele ya moyo. Mbili ni vipande vya mshipa uliotolewa mguuni, kimoja kikaenda ubavuni, kingine nyuma kwa chini.

Daktari aliyetuelezea kwa Kiswahili hapa nyumbani alitumia neno "mchepuko", kama wa barabara. Mama akasubiri mpaka tukafika garini.

"Miaka arobaini namwambia baki njia kuu. Leo wamempa michepuko mitatu, tena kwa risiti."

Baba alicheka akashika kifua, mimi nikaogopa mshono.

Basi namba zile zilikuwa za michepuko hiyo. Ule wa kifuani, mililita 38 kwa dakika. Wa ubavuni, 52. Wa nyuma, 14. Usiku nilichukua bomba la sindano kutoka kwenye kasha la dawa, nikavuta maji mililita 14, nikayamimina kwenye kijiko cha chakula. Hayakujaa.

Moyo mzima, mtu akiwa ametulia, hunywa kama robo lita kwa dakika. Na huku nyuma ya moyo wa baba yangu kuna sehemu inayoletewa kijiko.

Kisha nikafanya kosa ambalo kila mwenye simu hulifanya. Nikatafuta kiwango. Miongozo ya Ulaya ya 2010, iliyotolewa kwa pamoja na madaktari wa moyo na wapasuaji, ilisema mtiririko chini ya 20, pamoja na namba nyingine ikizidi 5, ni dalili ya mshono ulioharibika, na urekebishwe kabla mgonjwa hajatoka chumba cha upasuaji. Nilisoma "chini ya 20". Hiyo "pamoja na" niliipita mbio.

Nilikuwa na hasira karibu wiki mbili. Kiwanja cha Kibaha kiliuzwa. Shangazi alitoa akiba ya kikoba. Watu wakashona, wakapima, wakaona namba imefeli, wakafunga kifua?

Sikumwambia mtu. Nilikuwa naamka saa tisa usiku, nasikiliza kama anapumua.

## Presha si maji

Kilichonipunguza hasira kwanza ni swali la pembeni: kabla ya mita hizi, walijuaje?

Kwa kidole. Vasilii Kolesov alipoiunganisha ateri ya kifuani na mshipa wa moyo kule Leningrad mwaka 1964, na René Favaloro, Muajentina, alipoanza kutumia mishipa ya mguuni kule Cleveland mwaka 1967, mita za kutumia sumaku zilikuwapo lakini zilikuwa na usumbufu wake. (Wazo lenyewe ni la zamani: mwaka 1832 Michael Faraday alining'iniza nyaya za shaba kutoka Daraja la Waterloo, London, akijaribu kuusoma mkondo wa Thames kwa umeme. Akashindwa. Mto kwanza, damu baadaye.) Kwa miongo mingi mpasuaji aligusa mshipa aliouunganisha, akausikia unadunda, akaridhika. Wapo wanaofanya hivyo mpaka leo.

Hapo ndipo nywele zilinisimama, kwa sababu kosa hilo nalijua kwa jina.

Kuna mtaa mmoja ulilalamika miezi miwili hauna maji. Fundi alikwenda, akafunga geji kwenye bomba la kuingilia, ikasoma bar 4. Akaandika: presha ipo tele, tatizo ni la wateja. Akatumwa wa pili, akasoma vilevile. Siku nilipokwenda mimi na mita ya kubana, ilisoma sifuri. Geti valvu iliyofukiwa na waliochimba barabara ilikuwa imefungwa mbele ya pale. Presha ilikuwa nzuri kwa sababu maji hayakuwa yanakwenda popote.

Bomba lililoziba mbele ndilo lenye presha nzuri kuliko yote.

Kwa hiyo mshipa ulioshonwa vibaya, ulioziba kabisa pale kwenye mshono, bado utadunda chini ya kidole. Damu inaugonga kutoka nyuma, inakwama, inaugonga tena. Kidole kinasikia uhai. Nilijiuliza ni wangapi walifungwa kifua na mdundo wa namna hiyo.

Angalau kwa Baba kuna mtu alipima.

## "Usiniletee namba moja"

Nina rafiki tuliyesoma naye sekondari, sasa ni daktari wa upasuaji wa moyo. Nilimtumia picha ya jedwali na ujumbe mrefu wa sauti ambao leo nauonea aibu. Akanijibu usiku, akiwa bado kazini kwa jinsi nilivyosikia vyuma vikigongana.

"Kaka, pole na Mzee. Lakini usiniletee namba moja. Safu nyingine umeziacha wapi?"

Safu zilikuwapo. Sikuwa nimezipiga picha.

Ya kwanza waliiandika PI, ikasoma 4.9. Unachukua mtiririko wa juu kabisa katika pigo moja, unatoa wa chini kabisa, unagawa kwa wastani. Kwenye mchoro wa Baba juu ilikuwa 60, chini hasi 8, wastani 14. Sitini na nane gawanya kwa kumi na nne. Baba angeipenda hesabu hiyo. Hasi maana yake ni kwamba kwa kitambo kidogo katika kila pigo damu inarudi ilikotoka, inagonga kitu na kurudi. Kwenye mabomba tunaona mshtuko wa aina hiyo mtu akifunga koki ghafla. Namba ikiwa kubwa, mbele pana ukinzani. Tano ndiyo mpaka uliotajwa katika ile miongozo. Wengi hutaka iwe chini ya tatu. Baba alikuwa amesimama mlangoni.

Ya pili ni asilimia ya damu inayopita moyo ukiwa umelegea. Ilisoma 55. Hii ilinichukua muda kuielewa, kwa sababu pampu zangu hazifanyi hivyo. Misuli ya moyo ikikaza kusukuma damu kwa mwili mzima, inaibana mishipa yake yenyewe. Kwa hiyo, hasa upande wa kushoto, moyo hupata sehemu kubwa ya chakula chake katikati ya pigo na pigo. Mchepuko mzuri huonekana kwenye mchoro kama mlima unaovimba pale moyo unapopumzika. Mbaya una sindano kali wakati moyo unakaza, kisha kimya.

"Wa Mzee una mlima," rafiki yangu alisema. "Mdogo, lakini mlima."

Kisha akaniuliza mambo ambayo mimi, mtu wa maji, nilipaswa kuyauliza kabla ya kukasirika. Presha ya damu ilikuwa ngapi wakati wanapima? Mshipa unaopokea una upana gani? Na njia ya zamani, ile iliyopungua, imeziba kwa kiasi gani?

Karatasi zilijibu mawili. Mshipa unaopokea: milimita 1.25. Njia ya zamani: imeziba asilimia 70.

"Hebu niambie wewe," akasema. "Tenki dogo, lina bomba la zamani ambalo bado linatoa kidogo, unaliongezea bomba jipya. Jipya litapitisha kiasi gani?"

Kiasi ambacho tenki linahitaji, ukitoa kile ambacho la zamani bado linaleta. Naijua. Nimewahi kuwaelezea madiwani kwa mchoro ubaoni kwa nini kisima kipya "hakifanyi kazi" wakati tatizo ni kwamba kile cha zamani bado kinafanya.

Kumi na nne ilikuwa inapima mishipa miwili na tenki kwa pamoja, na mimi wiki mbili nilikuwa nalaumu mshono peke yake.

## 13:42 na 14:08

Nilirudi kwenye faili kutafuta presha ya damu. Sikuipata. Nilichopata ni kipande cha karatasi laini, kama za risiti ya dukani, kimejikunja nyuma ya ukurasa wa jedwali na wino wake umeanza kufifia. Nilikuwa nimekiona mwanzo nikadhani ni nakala.

Kilikuwa na saa tofauti. Jedwali lilisoma 14:08. Kipande kile, 13:42.

Mchepuko uleule wa nyuma. Mtiririko 5. PI 11.

Na ndani ya maelezo ya upasuaji, kwenye aya ambayo nimeisoma mara kumi bila kuiona, sentensi moja: mshipa wa nyuma ulionekana umejisokota, ukanyooshwa na kulazwa upya, ukapimwa tena.

Nilikaa chini pale pale kwenye zulia.

Saa saba na dakika arobaini na mbili mchana, moyo wa Baba ukiwa umeanza kupiga wenyewe, mtu alibana ndoana kwenye mshipa na kusoma tano. Pengine walikuwa wamechoka. Pengine mgonjwa mwingine alikuwa anasubiri nje. Na ule mshipa, naweka nadhiri, ulikuwa unadunda vizuri tu chini ya kidole. Mtu akasema ngoja. Dakika ishirini na sita baadaye ikasoma kumi na nne.

Namba niliyoichukia wiki mbili ndiyo iliyobaki baada ya mtu kukataa kuiacha tano.

## Inakubalika

Bado palikuwa na kokoto kiatuni. Kama walisimama kwenye 5, kwa nini hawakusimama kwenye 14?

Rafiki yangu hakuwatetea. Alisema yeye pengine angeibana ile njia ya zamani kwa sekunde chache aone kama mchepuko unapanda. Ukipanda, mshono ni mzima na ni ushindani tu. Inawezekana walifanya, haikuandikwa. Lakini kuufungua mshono na kuushona upya kwenye mshipa wa milimita 1.25, wenye ukuta mgonjwa, kwa mtu wa miaka sabini na moja ambaye ameshatolewa kwenye mashine iliyoshika kazi ya moyo? "Unaweza kumaliza ukiwa na sifuri badala ya kumi na nne."

Nikasoma zaidi, safari hii polepole. NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, iliunga mkono mwaka 2011 matumizi ya mita ya kampuni ya Medistim, ya Oslo. Utafiti ulioitwa REQUEST, uliochapishwa 2020, ulifuata wagonjwa 1,016 waliopimwa kwa mita pamoja na picha za altrasaundi humohumo kifuani. Kwa mmoja kati ya kila wanne mpasuaji alibadilisha kitu katika mpango wake. Robo! Lakini haukuwa na kundi la kulinganisha nalo, kwa hiyo unakuambia kwamba mikono ilibadilika, haukuambii kwamba watu walipona zaidi. Na utafiti wa GRIIP wa Toronto, wa 2010, ambao uliwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu, haukuona mishipa iliyoziba ikipungua baada ya mwaka. Miongozo ya Ulaya ya 2018 inazungumza kwa sauti ya chini: kupima kwa kawaida ni jambo la kufikiriwa.

Mimi si daktari na msimamo wangu hauna cheti. Ningetaka kila kifua kipimwe kabla hakijafungwa, na ningetaka anayepima awe na ruhusa ya kutotii namba.

Nayasema haya kwa sababu ya bomba moja.

Mwaka juzi, usiku wa mvua, tulikuwa tumeunganisha tawi jipya kwenye bomba la zamani la saruji. Nilipima. Ilikuwa chini ya nilichotarajia, si kwa kutisha, lakini chini. Tungeweza kufukua tena. Bomba lile la saruji lina umri wangu. Likiguswa vibaya linapasuka, na kata nzima inakosa maji kwa siku tatu. Nilisimama pale maji ya mvua yakiingia kwenye buti. Kisha nikaandika kwenye fomu neno moja: inakubalika.

Hakuna mtoto wa mtu aliyekesha saa tisa usiku akilisoma neno langu. Lingemkasirisha.

## Muhula

Jumapili nilimwambia Baba yote, na kile kipande cha risiti nikamwekea mkononi. Alikitazama muda mrefu, akakilinganisha na jedwali, kidole kwenye hiki, kidole kwenye kile.

"Kwa hiyo alikuwa na tano."

"Ndiyo, Baba."

"Akafika kumi na nne."

"Ndiyo."

"Muhula mmoja?"

"Dakika ishirini na sita."

Akaguna, mguno ule wa mwalimu anayemrudishia mwanafunzi daftari bila kumsema. Sikumweleza tena kwamba haikuwa kati ya kitu chochote. Siku hizi anatembea mpaka dukani na kurudi, anapumzika mara moja kwenye kivuli cha mwembe wa jirani, na anadai anapumzika kwa sababu ya maongezi.

Akakunja suruali, akautoa mguu wenye kovu refu walikochukua mshipa, akauweka juu ya stuli mbele yangu.

"Na hicho chombo chenu cha kazini, hakiwezi kusikiliza hapa?"

Nikamwambia chetu kinaanzia bomba la milimita hamsini.

"Aa," akasema, akaushusha mguu. "Basi kapime maji."